Mungu alimtoa Mwanawe. Je, sasa anadai karo ya mwanangu?

*“Bwana asifiwe mwalimu. Mimi ni mjane, mama karanga (nakaanga samaki na kuuza) hapa Malindi, nina watoto watatu. Kanisani kwetu tumetangaziwa ibada ya dhabihu. Tumefundishwa kwamba Mungu alimtoa Mwanawe wa pekee, kwa hiyo na sisi kila mtu atoe ‘Isaka wake’, kitu kinachouma, ndipo mlango ufunguke. Nilijaza fomu ya ahadi ya Sh 20,000. Nilizo nazo ni Sh 14,500, na hizo ni karo ya mwanangu wa kidato cha tatu pamoja na mtaji wa samaki. Zinazopungua nafikiria kukopa kwenye simu. Tangu upepo wa kusi uanze samaki ni wachache. Nikitoa, mtoto atarudishwa nyumbani. Nisipotoa, naogopa nitakuwa nimemwibia Mungu na laana itanifuata, maana tumeambiwa nadhiri haivunjwi. Mungu ananidai nini?”*

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yote yameegemea hapo. Mungu hakudai karo ya mwanao. Hakudai mtaji wako, wala Sh 20,000. Usikope. Hizo Sh 14,500 zisitoke mkononi mwako kwenda popote mpaka umalize kusoma jibu hili, na karo ikishalipwa uwe na risiti.

Nimekuelewa hivi: huoni uchungu kumtolea Mungu pesa. Unampenda, unajua amekutolea kilicho kikubwa, na umeambiwa kwamba upendo wa namna hiyo unajibiwa kwa kujiumiza. Ukichanganya na ahadi uliyoandika na hofu ya laana, umebaki kati ya mtoto na Mungu kana kwamba wawili hao wanagombania shilingi moja. Hawagombanii.

Tutazame kwanza sadaka yenyewe ya Mungu, kwa sababu fundisho ulilopewa limeanza mahali sahihi kisha likageuka njiani. Yohana 3:16 inasema, “Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee.” Anayetoa hapo ni Mungu, na anayepokea ni ulimwengu. Paulo akaendelea kutoka hapo katika Warumi 8:32: “Yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?” Fuata hoja yake hatua kwa hatua. Mungu ametoa kilicho kikubwa kuliko vyote, basi hawezi kushindwa kutoa kilicho kidogo. Fundisho ulilopewa linasema: Mungu alitoa, sasa wewe toa, ndipo naye atoe tena. Katikati ya zawadi ya Mungu na zawadi ya Mungu pamechomekwa kituo cha malipo ambacho Paulo hakukiweka.

Waraka kwa Waebrania unalieleza jambo hili kwa undani zaidi kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya. Sura ya 10 inasema kuhani wa kale alisimama kila siku akitoa dhabihu zile zile. Ndani ya hema ya kukutania palikuwa na meza ya mikate, kinara cha taa na madhabahu ya uvumba, lakini hapakuwa na kiti. Kazi ya kuhani haikuisha, kwa hiyo hakuwa na pa kukaa. Halafu mwandishi anasema Kristo alitoa dhabihu moja, mara moja, akaketi. Aliketi kwa sababu hapakubaki kitu cha kuongeza. Basi ukiona ibada yoyote inayokuambia kwamba kuna kiasi bado kinapungua ili Mungu akukubali au akufungulie, jua imemsimamisha tena kuhani aliyekwisha kuketi.

Wala Mungu si mhitaji. Katika Zaburi ya 50 anawaambia watu wake waziwazi kwamba hata angekuwa na njaa asingewaambia wao, maana ulimwengu na vyote viujazavyo ni vyake. Nguvu ya ukarimu wake iko hapo: anatoa pasipo kutazamia kurudishiwa, kwa kuwa hakuna alichopungukiwa.

Sasa “Isaka wako”. Mwanzo 22, ambapo Ibrahimu anaambiwa amtoe mwanawe Isaka awe dhabihu, ni sura nzito, na mara nyingi husomwa mpaka kisu kinapoinuliwa, kisha kitabu kikafungwa. Endelea kusoma. Mkono wa Ibrahimu unazuiwa kutoka mbinguni, anaambiwa asimtende kijana neno lolote, na kondoo mume aliyenaswa pembe kichakani anatolewa badala yake. Kondoo yule hakutoka katika zizi la Ibrahimu. Mungu ndiye aliyemleta. Mahali pale pakaitwa kwa jina la Bwana anayetoa. Baadaye nabii Yeremia (7:31) analeta neno la Mungu juu ya wazazi waliowateketeza wana wao wakidhani ni ibada: jambo hilo Mungu hakuliamuru, wala halikuingia moyoni mwake. Mhubiri anayemtumia Isaka kumwambia mzazi atoe riziki ya mwanawe ameisoma sura hiyo kinyume cha inavyokwisha.

Hata sheria ya Musa, ambayo wengi huidhania ngumu, ilimtazama maskini kwa makini ya ajabu. Mambo ya Walawi sura ya 5 yasema mtu mwenye hatia alete kondoo jike au mbuzi jike. Asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asipoweza hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, yaani kiasi cha lita mbili za unga, zaidi kidogo ya kilo moja. Na mwenye unga alisamehewa sawasawa na mwenye mbuzi. Hakuna aliyeambiwa aende kwa jirani akakope mbuzi. Sadaka ilishuka mpaka ikamfikia mtu alipo. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka 2:24 inaonyesha walitoa sadaka ya ndege, ile ambayo Walawi 12:8 iliwawekea wasioweza kumpata mwana-kondoo. Mwana wa Mungu aliingia hekaluni kwa sadaka ya kimaskini, na hakuna aliyewarudisha mlangoni.

Jirani zako Waislamu nao wanajua kwamba zaka haimlazimu mtu ambaye mali yake haijafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachoanza kutolewa zaka. Katika mji wetu wa Malindi, basi, si jambo geni kwamba Mungu anayeheshimiwa kwa kutoa ndiye huyo huyo anayemwangalia asiye na kitu.

Ahadi uliyoiandika ndiyo inayokunyima usingizi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Ni kweli Mhubiri 5 inasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Lakini maneno hayo yaliandikwa kumzuia mtu asifungue kinywa kwa haraka mbele za Mungu. Kuyatumia kumkaba aliyejaza fomu huku muziki unapigwa na watu wamesimama ni kuyageuza. Kumbukumbu la Torati 23:22 inaongeza kwamba ukijizuia usiweke nadhiri, haitakuwa dhambi kwako. Na kwa yule aliyekwisha kuahidi asichoweza, sheria haikumwacha. Walawi 27 inataja kiwango cha nadhiri ya mtu: shekeli 50 kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60, na shekeli 30 kwa mwanamke. Kisha aya ya 8 inasema, aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiwango hicho asimamishwe mbele ya kuhani, na kuhani amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Kazi ya kuhani pale ilikuwa kupunguza.

Utakumbushwa Zaburi ya 15, inayomsifu mtu anayeapa kwa hasara yake mwenyewe wala habadili neno. Sawa, lakini hasara hiyo ni yake mwenyewe. Hapa hasara yako ingeangukia kichwa cha mtoto ambaye hakujaza fomu yoyote. Na Yesu alilihukumu jambo hili waziwazi katika Marko 7:9-13. Palikuwa na watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, hivyo wazazi wakakosa. Yesu hakuwasifu kwa kujitoa. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kama ahadi ya kidini haiwezi kuwanyang'anya wazazi haki yao, haiwezi kumnyang'anya mtoto. 1 Timotheo 5:8 inafika mbali zaidi: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Ukilipa karo hujamwibia Mungu. Umemtii.

Juu ya laana ya Malaki 3, tazama zaka ile ilikwenda wapi. “Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu.” Ilikuwa chakula: nafaka, divai, mafuta na mifugo. Ghala lile liliwalisha Walawi ambao kwa Hesabu 18 hawakupewa shamba, na wao pia walitoa sehemu ya kumi ya walichopokea. Kila mwaka wa tatu, kwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29, zaka iliwekwa mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Wewe ni mjane, dada yangu, na watoto wako ni yatima. Katika sheria hiyo hiyo unayotishwa nayo, jina lako limo katika orodha ya wanaopokea. Nayo laana ya sheria, Wagalatia 3:13 inasema Kristo ametukomboa nayo. Haiwezi kukodishwa tena kwa ajili ya mchango.

Yapo maandiko mawili ambayo bila shaka utatajiwa, na siwezi kuyaruka. La kwanza ni mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17, aliyempa Eliya mkate kwanza kutoka konzi ya unga wa mwisho. Ni kweli, alitoa chakula cha mwanawe, na Mungu akamlipa. Lakini soma vizuri. Ilikuwa njaa, unga na mafuta havikuisha ndani ya nyumba ile ile, na nabii mwenyewe alikaa pale akila kutoka pipa lile lile pamoja nao. Yesu alipoikumbuka habari hii katika Luka 4:25-26, alisema wajane walikuwa wengi katika Israeli siku hizo, na Eliya hakutumwa kwa mmoja wao ila yule wa Sarepta. Lililotendeka mara moja kwa neno maalumu la Mungu haligeuzwi fomu ya kila mjane.

La pili ni mjane wa Marko 12 aliyetia senti mbili. Mbili zile zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Wasomi hawakubaliani kama Yesu anamsifu tu, au pia analilia hekalu lililomfikisha pale. Mimi naona yote mawili yamo, kwa sababu aya zinazotangulia mara moja (38-40) Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Na hakuna aliyemwomba mama yule zile senti. Zilikuwa zake, akazileta kwa hiari, bila kutajiwa kiwango.

Nisikupe picha kwamba utoaji wa Kikristo haugharimu kitu. Hilo nalo lingekuwa uongo. Katika 2 Wakorintho 8 makanisa ya Makedonia, maskini kabisa, yalitoa hata kupita uwezo wao. Lakini Paulo hakuwaagiza. Wao ndio walioomba kushiriki. Mchango ulikuwa wa kuwasaidia watakatifu wenye shida Yerusalemu. Aliwaambia Wakorintho kwamba hataki wengine wastarehe na wao walemewe, bali pawe na usawa, na kwamba sadaka “hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.” Pesa za kukopa kwenye simu ni “asivyo navyo”. Tena makanisa yalichagua mtu wa kusafiri pamoja na mchango ili pasiwe na lawama yoyote juu ya fedha. Na ile “mbegu” ya sura ya 9, inayohubiriwa sana, matunda yake yametajwa hapo hapo: mazao ya haki, na kuwa na vya kutosha mpate kuzidi katika kila tendo jema. Mungu hubariki mtoaji, naamini hivyo kwa moyo wote. Hatoi hati ya kulipa mara mia.

Kwa hiyo utoe vipi? Paulo ana utaratibu rahisi katika 1 Wakorintho 16:2: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Biashara yako ina misimu, kwa hiyo maneno hayo yanakufaa hasa. Kusi likichafua bahari na ngalawa zikakaa pwani, fungu lako hushuka. Kaskazi ikituliza maji na samaki wakajaa dikoni, hupanda. Usipange kiasi cha kaskazi ukakilipa wakati wa kusi.

Na hesabu faida, usihesabu mauzo. Wafanyabiashara wengi wadogo huumia hapa bila kujua. Chukua siku umenunua tafi na changu wa Sh 3,000, mafuta na kuni Sh 700, ushuru na nauli Sh 100, ukauza kwa Sh 4,700. Gharama ni Sh 3,800, faida ni Sh 900. Fungu la kumi la faida ni Sh 90. Ukitoa fungu la kumi la mauzo utatoa Sh 470, yaani zaidi ya nusu ya faida, nawe unadhani umetoa sehemu moja ya kumi. Wiki tatu za namna hiyo mtaji umekwisha na karai limelala. Kila jioni, kabla ya kununua chochote, tenga kwanza pesa ya samaki wa kesho, kisha chakula na akiba ya karo, halafu sadaka katika chombo chake. Makanisa hutofautiana kama sehemu ya kumi ni sharti kwa Mkristo. Agano Jipya halikuiweka kuwa sheria, lakini wengi wanaona ni kipimo kizuri. Kama sasa unaweza Sh 20, toa Sh 20 kwa moyo mkunjufu. Na sahani ya samaki kwa jirani mgonjwa, au saa moja ya kumwogesha mzazi wake, Waebrania 13:16 inaiita sadaka inayompendeza Mungu. Usiihesabu kuwa ya pili.

Kuhusu ile fomu, una njia mbili za haki. Unaweza kuifuta kabisa, au kuomba ibadilishwe iwe kiasi unachoweza bila tarehe. Kwa hali yako ningependelea uifute, kwa kuwa kiasi kidogo kilichoandikwa nacho kitakuwa mzigo mpaka bahari itulie. Usiende peke yako. Mchukue mzee wa kanisa au mama mmoja wa ushirika mnayeaminiana, mwende siku ya kazi, si wakati wa ibada. Sema hivi: “Mchungaji, niliahidi kwa haraka kitu ambacho ni karo ya mtoto. Nimetubu haraka yangu mbele za Mungu. Naomba jina langu liondolewe, na uniombee.” Mchungaji mwema atafurahi, na pengine atauliza kanisa linaweza kukusaidiaje, kanisa la kwanza liliwagawia wajane chakula kila siku, Matendo 6. Wachungaji wengi wanaoitisha sadaka za namna hii wamefundishwa hivyo na wao, si wote wana nia mbaya. Mpe nafasi ya kusikia.

Shuleni nenda mapema. Lipa unachoweza kwa karo, bakiza mtaji, omba kuonana na mwalimu mkuu na mwandikishane namna ya kumaliza salio kidogo kidogo. Bila mtaji hakutakuwa na karo ya muhula ujao, kwa hiyo usimalize zote upande mmoja.

Ila mchungaji akikujibu kwa vitisho, akisema utakufa au mtoto atapata ajali, akikuagiza uwafiche ndugu zako, au akidai uache dawa au ufunge bila maji, basi ondoka hapo. Sisi wa Malindi hatuwezi kuzungumza juu ya kujitoa dhabihu kana kwamba Shakahola haikutokea. Mwaka 2023 na baada yake ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 katika msitu ule, wakiwamo watoto wengi, kufuatia mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili kumwona Yesu. Mambo ya namna hiyo huanza kidogo kidogo, kwa kuambiwa kwamba kinachouma zaidi ndicho kinachompendeza Mungu zaidi. Warumi 12:1 inatuita tutoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai. Mungu anataka watoto wako wale, wasome, waishi.

Kama huna wa kukusindikiza, Malindi ina dayosisi ya Katoliki na ya Kianglikana, na makanisa mengine ya miaka mingi. Omba kuonana na padri au mchungaji wa parokia iliyo karibu nawe hata kama si kanisa lako, na umsomee fomu yako. Kama umekwisha kukopa, kaa na mtu wa chama chako cha akiba anayejua hesabu mpange kulipa kabla riba haijapanda. Usingizi ukikataa kabisa, moyo ukienda mbio, au ukianza kuwaza kwamba ni afadhali ufe, usisubiri Jumapili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie daktari yote, pamoja na habari ya ahadi. Na mtoto yeyote, wako au wa jirani, akinyimwa chakula au matibabu kwa jina la imani, mwambie chifu au kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto nchini Kenya.